Ufunguo wa Siku ya Martin

"Jeudi," Épiphanie alisema. "Asubui, saa kumi na mbili. Mara ngapi nitakuambia?"

Inspekta Noeline Ssemakula alikuwa akihesabu tangu Jumatatu, na hii ilikuwa mara ya kumi na saba. Alitazama saa ya ukutani. Saa mbili na robo asubuhi. Ikifika saa sita mchana, mwendesha mashtaka angepaswa ama kuomba mahakama imweke mwanamke huyu rumande ama kumwachia, na mwendesha mashtaka huyo alikuwa ameshasema wazi kwamba hana mpango wa kumwachia. Rumande ya Stockholm si mchezo. Mtu anaweza kukaa wiki nyingi humo bila hata kuruhusiwa kuongea na wanawe kwenye simu.

"Mama Gaëlle, nisikilize," Noeline alisema, akimwita kwa jina la bintiye. "Mlinzi anasema ulichukua ufunguo Jumatano. Ile barua ya kale ilionekana ghalani Jumatano asubuhi, na Alhamisi saa mbili haikuwapo. Ukiendelea kusema Alhamisi wakati mlinzi anasema Jumatano, mimi nifanye nini?"

"Mlinzi gani? Vedasto?"

Wakili wake alimgusa mkono. Épiphanie akautoa mkono.

"Vedasto njo alinipa ufunguo, jeudi. Nilifagia, nikapangusa vumbi, nikatoka. Maboîte yao, zile sanduku, sigusi mimi. Miaka saba niko pale, sijafungua hata moja. Sasa batoto bangu bataambiwa kwamba mama yabo ni mwizi, juu ya karatasi?"

"Si karatasi, ni ngozi," alisema wakili kwa Kiswidi, baada ya mkalimani wa kwenye simu kumaliza kutafsiri. Noeline alitamani kumrushia kitu.

Épiphanie alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, mzaliwa wa Uvira, mfagiaji wa Nyumba ya Nyaraka ya Grönhagen hapo hapo Kungsholmen, mwendo wa dakika kumi kutoka chumba hicho. Hakulia. Alikuwa amekasirika tu, na Noeline aliona kwamba hasira yake haikupanda wala kushuka tangu siku ya kwanza. Waongo aliowahi kuwahoji walikuwa wakirekebisha maneno wanapobanwa. Huyu alibanwa siku tatu akabaki palepale, na jambo hilo lilikuwa linamkera Noeline kuliko uongo wenyewe, kwa sababu halikuingia kwenye jalada.

Jalada lenyewe lilikuwa limeandaliwa na Konstebo Sjögren, wakati Noeline akiwa kitandani na mafua. Lilikuwa safi, limepigwa chapa vizuri, na kila mtu ofisini alilisifu. Noeline alilisoma tena kwenye lifti.

Maelezo ya mlinzi yalichukuliwa kupitia mkalimani wa simu. Yalisema hivi: siku ya Mårten, jina la Kiswidi la Mtakatifu Martin, kwenye saa kumi jioni, mkuu wa nyaraka alichukua ufunguo wa ghala na kuurudisha baada ya nusu saa. Kesho yake mfagiaji akauchukua, saa haikutajwa. Pembeni Sjögren alikuwa ameandika tarehe: Jumanne ya kumi Novemba, na Jumatano ya kumi na moja. Chini yake palikuwa na sahihi ya mkuu wa nyaraka mwenyewe, Dokta Torkel Brandel, akithibitisha kwamba yanayomhusu ni kweli.

Daftari la funguo halikuwapo. Lilijaa mwezi wa tisa. Jipya liliombwa, likaidhinishwa, likaagizwa, na mpaka leo halijafika. Mlango wa ghala nao haukuwa na mashine ya kadi, kwa kuwa jengo ni la kihistoria na hakuna anayeruhusiwa kutoboa ukuta wake. Noeline alifunga jalada akaenda kumwona Dokta Brandel kwa miguu, ili upepo umpunguzie hasira. Haukumpunguzia.

Dokta Brandel alikuwa mrefu, mwenye sweta la kijani na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Ofisi yake ilijaa vitabu mpaka dirishani. Nafasi pekee ya ukuta iliyobaki wazi aliijaza mabango ya mihadhara yake mwenyewe: Uppsala, Visby, Turku, Lund, kila moja na picha yake, tarehe na saa. Noeline aliyatazama huku akisubiri amalize kumimina kahawa, jambo lililochukua muda mrefu.

"Inspekta, nimeshawaeleza wenzako mara mbili," alisema Brandel kwa Kiswidi.

"Nieleze mimi. Hiyo barua ina nini hasa?"

Lilikuwa kosa kuuliza hivyo. Brandel alikaa, akakunja mguu, na Noeline akajua robo saa yake imekwenda.

"Mwaka 1435," alianza. "Falme tatu, Denmark, Norway na Sweden, ziko chini ya taji moja. Mfalme Erik anakaa Denmark na kuleta huku manaibu wake kukamua kodi. Wachimba madini wa Dalarna wameshainuka mwaka uliotangulia, wamechoma ngome. Sasa swali ambalo wanahistoria wamegombania miaka mia: watu wa mji wa Stockholm walikuwa upande gani? Baraza la mji, kwa sheria, nusu yake walikuwa Wajerumani, wafanyabiashara. Wote walidhani mji ulisubiri kuona nani atashinda. Mimi nikaipata barua hii miaka ishirini iliyopita, ndani ya jalada la kitabu cha nyimbo za kanisa. Madiwani sita wa Kiswidi wanamkana mfalme, kwa siri, kabla ya wenzao. Kwa Kiswidi, si Kilatini! Mihuri sita ya nta. Kitabu changu chote kimesimama juu yake."

"Na ilikuwa iende Copenhagen."

"Nini?"

"Nimeona fomu. Ilikuwa isafirishwe Jumatatu ya tarehe kumi na sita, wakapime wino. Mtaalamu wao alikuja Jumatano asubuhi kuikagua na kuipiga picha. Ndiye wa mwisho kuiona."

"Ndiyo. Ni utaratibu wa kawaida." Alikunywa kahawa. "Mimi mwenyewe nilikaribisha vipimo hivyo."

Noeline alifungua daftari lake. "Imeandikwa lini hasa? Nahitaji maelezo ya barua kwa ajili ya mipaka na viwanja vya ndege. Hapa Sjögren ameandika tarehe ishirini na tano Novemba."

Brandel alifumba macho kama aliyekanyagwa kidole.

"Mkesha, Inspekta. Mkesha wa Mtakatifu Katarina. Wakati ule hakuna aliyeandika tarehe kwa namba. Waliandika kwa watakatifu: siku ya fulani, mkesha wa fulani, Jumanne baada ya fulani. Siku ya Katarina ni ishirini na tano. Mkesha ni ishirini na nne. Ni siku mbili tofauti! Mwanafunzi wangu akichanganya mkesha na siku yenyewe namfelisha hapo hapo, hata kama mengine yote amepata. Nimefelisha watu wazima wenye familia."

"Kwa siku moja?"

"Siku moja ndiyo kazi yangu yote."

Noeline alisahihisha namba kwenye daftari, akashukuru kwa kahawa ambayo hakuinywa, akatoka. Alishuka ngazi akilaani watu wenye vyeo, watu wenye sweta za kijani, na Sjögren aliyeandika ishirini na tano. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposimama.

Waswidi hawa. Krismasi wanasherehekea mkesha. Tarehe ishirini na tano wamelala. Sikukuu ya kiangazi wanaicheza mkesha. Pasaka watoto wanavaa vilemba vya wachawi mkesha. Na huyo bata bukini wa Mårten, ambaye kila Novemba Sjögren huisimulia ofisi nzima habari zake kwa sababu ni mzaliwa wa Skåne, jimbo la kusini, anamla lini?

Alimpigia simu.

"Sjögren, bata wa Mårten mnamla tarehe ngapi?"

"Tarehe kumi. Kwa nini, unataka kuja mwakani?"

"Mlinzi alitaja tarehe kumi?"

"Alitaja Mårten. Mkalimani alisema siku ya Mårten. Kila mtu anajua Mårten ni tarehe kumi."

"Kila mtu wa Skåne," Noeline alisema. Akakata simu na kukimbilia treni ya chini ya ardhi, ile ya bluu.

Vedasto aliishi Rissne, ghorofa ya tatu. Alikuwa na zamu ya jioni, na saa nne asubuhi alikuwa jikoni akimenya ndizi. Alikuwa mtu wa Kagera, mfupi, wa miaka sitini na moja, aliyekaa Stockholm miaka kumi na tisa na kukataa katakata kutoa maelezo ya polisi kwa Kiswidi. Kiswidi chake, alisema, ni cha sokoni na cha kazini, si cha kufungia watu.

"Karibu, dada. Kaa kwanza."

"Shikamoo, mzee. Sina muda wa kukaa."

"Marahaba. Mtu haulizwi akiwa wima. Kaa."

Noeline alikaa. Kiswahili chake alijifunza ukubwani, kwa majirani Wakongomani alipopanga hapo Rissne. Nyumbani kwao Upplands Väsby baba yake, aliyekimbia Kampala miaka ya sabini, hakutaka kukisikia, akisema ndicho walichozungumza askari waliomtoa nchini. Kwa hiyo Noeline alikizungumza kwa uangalifu, na watu kama Vedasto waliutumia uangalifu huo kumchelewesha.

"Mzee Vedasto, ulisema dokta alichukua ufunguo siku ya Martini."

"Nilisema, nikarudia, nikasomewa, nikatia sahihi. Sasa na wewe umekuja unisomee?"

"Ni tarehe gani?"

"Ya nini?"

"Siku ya Martini, mzee!"

Vedasto aliweka kisu chini. "Wewe ni Mkatoliki?"

"Mwanglikana."

"Ndiyo maana," alisema kwa upole uliomfanya Noeline aume meno. "Siku ya Martini ni siku ya Martini. Hajawahi kuhama."

"Mzee, kuna mama wa watu yuko ndani. Saa sita anapelekwa rumande. Niambie namba!"

"Novemba kumi na moja. Ungeuliza tangu mwanzo. Yule kijana wako hakuniuliza namba, aliniuliza siku."

Noeline alivuta pumzi. "Una uhakika si kumi?"

"Dada, sisi kwetu Kanyigo mtoto akizaliwa baba anakwenda kwa padri, padri anafungua kalenda, mtakatifu wa siku ndiye jina. Mimi Februari sita, Vedasto. Dada yangu Rita, Mei ishirini na mbili. Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa Novemba kumi na moja. Unadhani anaitwa nani?"

"Martini."

"Martini. Na kila siku yake nampigia. Nilikuwa naongea naye pale mapokezi, dokta akaja amevaa koti, akanionyesha kwa kidole kabati la funguo. Nikamwambia Martini asubiri. Nikatoa ufunguo. Tukaendelea. Dokta aliporudi tulikuwa bado tunaongea, Martini ananieleza habari za paa lake, mimi nimechoka nalo."

"Na Épiphanie?"

"Kesho yake. Ile zamu nilikesha, mwenzangu Okech alikuwa mgonjwa. Épiphanie akaja asubuhi na mapema, kama kawaida yake. Alikuwa amepoteza glavu moja, analalamika."

"Kesho yake Alhamisi."

"Baada ya Jumatano huja nini, dada?"

Noeline alinyoosha mkono. "Nipe simu."

Vedasto hakuwa na haraka. Alinawa, akajifuta, akatafuta miwani, akaikuta mfukoni, akafungua simu kwa kidole kimoja. Walishuka pamoja kwenye orodha ya mazungumzo, wakipita paa la Martini lililopigwa picha kutoka kila upande, mpaka wakaifikia. Jumatano, tarehe 11 Novemba. Saa 16.08. Dakika thelathini na nane. Jumanne yake hapakuwa na simu yoyote.

Noeline aliipiga picha, akaipiga tena, kisha akaandika maelezo mapya kwa mkono kwenye meza ya jikoni. Alimsomea Vedasto neno kwa neno, na namba mara mbili. Kwa ajili ya kanuni alimpata mkalimani wa simu naye asikilize. Vedasto alisahihisha jina la kijiji chake, akatia sahihi.

"Sasa huyo mama anatoka?" aliuliza.

"Bado. Wewe umeonyesha kwamba dokta aliingia Jumatano. Atasema aliingia Jumanne na Jumatano, au kwamba alisahau."

"Yule? Hasahau. Mwaka juzi alinipigia kelele kwa kuning'iniza kalenda ya mwezi uliopita."

Noeline alikuwa ameshavaa kofia. Akaivua. Kalenda, tarehe, ukuta. Alijiona tena amesimama katika ofisi ile akisubiri kahawa, macho yakipita kwenye mabango: Uppsala, Visby, Turku, Lund.

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano walipoingia ofisini kwa Brandel, Noeline na Sjögren. Sjögren alikuwa na masikio mekundu. Njiani alikuwa ameomba radhi mara nne, na mara ya nne Noeline akamwambia anyamaze, kwa sababu hasira yake alikuwa anaihitaji kwa mtu mwingine.

"Dokta, nina maswali mawili mafupi," alisema. "Hii ni sahihi yako?"

Brandel alitazama karatasi. "Ni yangu."

"Unathibitisha kwamba ulichukua ufunguo wa ghala Jumanne tarehe kumi, saa kumi jioni."

"Kama mlinzi alivyosema. Nilikwenda kuchukua kitabu."

Noeline aligeuka, akaelekeza kidole ukutani, juu ya redieta ya kupashia chumba joto. Bango lilikuwa bado jipya. Dokta Torkel Brandel: Kusoma Tarehe za Zama za Kati. Lund, Jumanne tarehe 10 Novemba, saa 15.15.

"Lund ni mwendo wa saa nne na ushee kwa treni," alisema. "Sjögren amewapigia simu. Wanasema mhadhara ulikuwa mzuri sana. Wanasema ulikaa kula bata bukini na supu nyeusi ya damu yake mpaka usiku, ukalala kwenye hoteli yao, ukapanda treni Jumatano asubuhi."

Brandel aligeuka kulitazama bango.

"Hukuwa Stockholm Jumanne," Noeline aliendelea. "Ulikuwa hapa Jumatano, na Jumatano ndiyo siku ya Martin. Ulipoletewa karatasi hii ukaona mkalimani amesema siku ya Mårten, na huyu mwenzangu ameandika kumi. Mtu yeyote mwingine katika mji huu angepitwa. Wewe, hapana. Wewe unafelisha watu wazima wenye familia kwa kosa hilo hilo. Safari hii uliliona, ukatoa kalamu, ukatia sahihi, kwa sababu kosa hilo lilikutoa wewe ghalani kabla barua haijaonekana mara ya mwisho, likamwingiza mama anayefagia baada yake."

"Ni uzembe tu wa kusoma," alisema Brandel. Sauti ilikuwa imepungua.

"Siku moja ndiyo kazi yako yote. Maneno yako."

Sjögren alisogea mbele. "Barua iko wapi?"

Brandel aliketi. Aliyatazama mabango yake moja baada ya jingine, kana kwamba mojawapo lingemtetea. "Wangeipima wino," alisema hatimaye. "Mnajua maana yake? Miaka ishirini."

"Kwa hiyo ni ya kughushi. Nani aliiandika?" Noeline aliuliza.

"Nataka wakili."

"Utampata. Yule wa Mama Gaëlle karibu atakuwa hana kazi."

Alimwacha Sjögren na Brandel, akatoka kwenye ngazi na kumpigia mwendesha mashtaka. Mwendesha mashtaka alitaka kujua kwa nini anaambiwa saa sita kasoro dakika kumi na tano. Alitaka kujua nani alichukua maelezo ya kwanza. Alitaka kujua kama picha ya simu imethibitishwa, kama Lund wamethibitisha, na kama mtakatifu ana tarehe rasmi. Noeline alijibu kila swali huku akitembea upesi kuelekea kituoni, na walipomaliza ilikuwa imebaki dakika nne.

Saa sita na nusu Épiphanie aliletwa mapokezi. Walimrudishia koti, simu, mkanda, na glavu moja. Binti yake Gaëlle alikuwa ameshafika. Alimkumbatia mama yake akimuuliza maswali kwa Kiswidi, upesi upesi, na mama akimjibu kwa Kiswahili kwamba yuko salama, alie baadaye, wako mbele ya watu.

"Mama Gaëlle, pole sana," Noeline alisema. "Umeachiwa. Hakuna kesi. Utapata barua rasmi nyumbani, na kazini watajulishwa."

"Barua itasema nini?"

"Kwamba huhusiki."

"Na ile karatasi yenye inasema niliingia mercredi? Itabakia?"

Noeline alisita. Maelezo ya zamani, yale ya Jumatano, hayafutwi. Yanabaki kwenye jalada, na mapya yanawekwa juu. Alimweleza hivyo. Épiphanie alisikiliza mpaka mwisho, akavua tena koti lake, akalikunja, akakaa kwenye benchi la mapokezi.

"Basi siendi."

"Mama," Gaëlle alisema.

"Siendi. Siku tatu nasema jeudi. Nilimwambia yule kijana, nilimwambia avocat wangu, nilimwambia wewe mara na mara. Uliandika?"

Noeline alifungua daftari lake, kurasa za Jumatatu, Jumanne, Jumatano na za asubuhi ile. Kila ukurasa ulikuwa na vijistari vidogo alivyovichora kuhesabu. Vilikuwa kumi na saba. Neno lenyewe halikuwapo popote. Alikuwa amehesabu tu ukaidi.

"Sikuandika," alisema, na uso ukamwaka.

"Andika sasa."

Noeline aliomba fomu kwenye kaunta, akakaa benchini kando yake, akaiweka juu ya goti. Aliandika jina, tarehe ya kuzaliwa, ambayo ilikuwa Januari sita, kisha akaandika kwa Kiswidi, kwa herufi kubwa, kwamba mtajwa aliingia ghalani Alhamisi asubuhi na kwamba alilisema hilo tangu saa ya kwanza. Gaëlle alimsomea mama yake kwa sauti. Épiphanie aliifuata mistari kwa kidole mpaka akafika kwenye neno alilokuwa akilitafuta.

"Torsdag," alisema. "Njo iyo." Akachukua kalamu, akatia sahihi, akavaa koti.